Msaada wakuu: gari ya VVT-i inatetemeka sailensa, fundi anasema ninunue injini

mgeni_wa_spana: Wakuu habari zenu. Gari ikiwa sailensa (imewaka, sijakanyaga mafuta) inatetemeka mpaka kioo cha pembeni kinacheza, nikikanyaga mafuta inatulia na inavuta fresh. Taa ya injini imewaka, mashine ya kupima imesoma kodi ya kosa P0011. Plagi nimebadili, koili nimebadili, bado. Fundi kachomoa soketi ya VVT haikubadilika kitu, anasema injini imekwisha. Kwani hiyo VVT kazi yake nini jamani?

Nati13: Usinunue injini mkuu!! Kamshafti ndo inafungua valvu, inazunguka mara 1 wakati krankshafti (mhimili unaozungushwa na pistoni) inazunguka mara 2, injini za zamani hapo pamefungwa moja kwa moja, muda wa valvu haubadiliki. Kwenye VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadili muda wa valvu kufunguka) gia ya kamshafti ina vyumba vya oili ndani, oili ikisukuma upande huu valvu za kuingiza hewa zinawahi kufunguka, ikisukuma upande wa pili zinachelewa. Anayeigawa hiyo oili ni kivalvu cha umeme kinaitwa OCV, kinapokea amri kwa kompyuta. P0011 ni kwamba kamshafti imewahi kuliko ilivyoambiwa. Sailensa ikiwahi inakuta valvu za eksozi hazijafunga, moshi unarudi ndani, ndo huko kutetemeka. Mwendo wa kati kuwahi kunafaa ndo maana inavuta.

Na soketi ikitoka, springi ya OCV ilitakiwa kuirudisha kamshafti nyuma. Haikurudi, basi kitu kimenasa, na mara nyingi ni uchafu.

babaJunia: Hii si ndo ile ya Honda inayobadilika mlio resi ikipanda?

Nati13: Hapana, VTEC ile ya 1989 inahamia kwenye meno mengine ya kamshafti (zile nundu zinazosukuma valvu), valvu inashuka zaidi. VVT-i ya kwake inacheza na muda tu.

mamaGereji: Oili ulimwaga lini mdogo wangu? Sema ukweli 😂

mgeni_wa_spana: Dada ni kitambo, nilikuwa naongezea tu...

mamaGereji: Ndo ugonjwa wenyewe huo. Chomoa OCV, boliti moja spana ya 10, ioshe kwa dawa ya kabureta, igusishe 12V mara moja tu usiiachie ikaungua, kile kipini cha ndani lazima kiruke. Na kuna kichujio chake kidogo kina wavu, watu wanakisahau.

mgeni_wa_spana: Nimerudi. Kipini kilikuwa kimeganda, wavu mweusi tii kama masizi ya sufuria. Nimeosha nimemwaga oili na filta mpya, sailensa imetulia. Ila taa bado inawaka.

Nati13: Futa hiyo kodi na mashine uendeshe siku mbili tatu. Ikirudi njoo tuangalie cheni inayozungusha kamshafti.