Naomba ushauri: kikoba chetu kijikinge vipi na dunia hii?

Wakuu, habari za leo. Nakaa Kigogo bondeni, asubuhi nauza chapati na maharage.

Mwaka 2020 ilikuja korona, wateja wakapotea. Ile tunainuka tu, Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraine. Mimi Ukraine hata kwenye ramani siijui, lakini kumbe ngano na mafuta ya alizeti ya dunia mengi yanatoka huko, na petroli hapa Dar ikapita shilingi 3,000 kwa lita. Nikapunguza donge. Mteja mmoja akainua chapati juu, akaniuliza, "Mama, hii haina mwenzake?" Nilicheka, ila iliniuma. Halafu zikaja mvua za El Niño mwishoni mwa 2023, Mto Msimbazi ukaingia hadi ndani, kiroba cha unga kikawa uji.

Kikobani tuko 18. Shida zikija zinatupiga wote siku moja, kila mtu anataka mkopo, sanduku tupu. Napendekeza tutenge mfuko wa dharura usiokopwa, na wakati wa mavuno tununue mahindi na maharage kwa pamoja. Wenzangu wanasema yataliwa na wadudu, au maji yatayafuata hukohuko (hapo wana hoja). Mwenyekiti yeye anataka tugawane faida Desemba kama kawaida.

Kuna aliyewahi kufanya hivi? Nafaka mnahifadhi wapi nyie mnaokaa bondeni? Na huo mfuko mnauwekea masharti gani ili usiguswe? Masika haiko mbali.