Familia ya Kukhu 🥁 (Jumamosi ya Tito)

JUMANNE

[19:04] Senje Beti: Hamjambo wote. Jumamosi hii kuna onyesho la muziki wa watoto Kisumu, saa nane mchana, kwa ule ukumbi wa Milimani. Ngoma za isukuti, nyatiti, kuimba na watoto, kuchorwa uso, yote. Mtu mzima 800, mtoto 400. Tito anatimiza miaka mitatu Ijumaa, basi hiyo ndiyo zawadi yetu sote. Andikeni majina.

[19:05] Senje Beti:
1. Beti
2. Tito
3.

[19:48] Senje Beti: Naona watu kumi na mmoja wamesoma. Hili si gazeti.

[20:10] Wiki: 3. Keki

[20:10] Senje Beti: Wiki usianze.

[20:12] Wiki: Nauliza tu. Nyatiti ina nyuzi nane, inalipa ya mtoto ama ya mtu mzima?

[20:14] Boi Nakuru: 😂😂😂

[20:15] Senje Beti: Boi, kicheko umepata. Nauli je?

[20:40] Boi Nakuru: Jumamosi niko zamu

JUMATANO

[06:21] Senje Beti: Mlangoni watauza 1,000. Tumeni leo. Ni kwa namba yangu ya kawaida, si ile ya matanga.

[06:50] Wiki: Ile ya matanga tulikubaliana haitajwi

[06:51] Senje Beti: Ndiyo maana nimesema SI ile.

[08:33] Senje Nesi: Nimetoka zamu ya usiku, nisomeni kabla nilale. Beti, hao watu spika wameziweka wapi? Mnakumbuka vile Tito alifanya kwa matanga ya babu yake Kuka, spika zikiwa karibu na jikoni. Mtoto wa umri huo hasemi sikio linauma. Anashika kichwa, ama anakojoa, na nyinyi mnamgombeza. Shirika la Afya Duniani linawapa watoto sauti ya desibeli 75 kwa saa 40 za wiki. Kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Zikifika 100, mgao wake wa wiki nzima ni kama dakika saba. SABA.

[08:36] Senje Nesi: Na pamba haisaidii. Vile vya sponji vya kusukuma ndani msimwekee, akivitoa atavitia mdomoni. Tafuteni vile vya kufunika sikio lote, kama hedifoni. Mkiona mnapigiana kelele na mtu aliye hatua moja kutoka kwako, hapo ni juu sana, ondokeni.

[09:02] Wiki: Senje Beti akiita mkutano ni desibeli ngapi?

[09:03] Boi Nakuru: 101

[09:03] Wiki: Basi dakika zetu ziliisha jana

[09:10] Senje Nesi: Nimeongea kitu cha maana.

[09:11] Senje Beti: Tumesikia Nesi. Tutakaa nyuma. Sasa pesa.

[12:27] Baba Tito: Sawa

[12:28] Senje Beti: Sawa ya pesa?

[13:15] Baba Tito: Niko foleni Malaba. Saa nane huwa amelala huyo.

[13:16] Senje Beti: Atalala kwa gari. Nitamchukua Luanda Ijumaa jioni alale kwangu, asubuhi tuamke bila haraka.

[13:20] Baba Tito: Ukifika Maseno kwa bango la ikweta usimame. Mguu mmoja huku, mmoja kule, ndiyo arudi kwa gari. Usiposimama analia mpaka Kisian.

[13:22] Senje Beti: Namjua mtoto wetu.

[13:24] Wiki: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

[13:25] Boi Nakuru: Nimeusoma lakini

[13:31] Senje Beti: Wiki, rudisha ulichoandika.

[13:33] Wiki: Nimesema tu asirudi na upara tena

[13:34] Senje Beti: Kichwa kilikuwa na mba! Kinyozi nililipa mimi, shilingi mia, hakuna mtu hapa alichanga hata kumi!

[13:36] Senje Nesi: Beti.

[13:36] Senje Beti: Nini.

[13:37] Senje Nesi: Zilikuwa nywele zake za kwanza.

[13:41] Senje Beti: Hayo nimeambiwa miezi minane sasa. Nilimpeleka kwa upendo. Leo pia napanga kwa upendo na mnaleta kinyozi. Anayejua kupanga kuniliko aje apange.

[13:58] Boi Nakuru: Jamani Gor wanacheza lini

[13:59] Senje Beti: BOI.

[20:46] Musa (kwa Kukhu): Kukhu amenifanya nimsomee yote kuanzia juu. Amesema niandike vile anasema, nisipunguze.

[20:55] Musa (kwa Kukhu): "Mmeandika pesa, mmeandika masikio, mmeandika nywele. Nimemwambia Musa anisomee mara mbili. Sijasikia mahali mama ya mtoto ameulizwa. Tito ni jina la mume wangu, lakini tumbo lilikuwa la yule msichana. Isukuti sikatai. Beti mwenyewe nilimzaa ngoma zikilia kwa jirani. Lakini isukuti si ya kukalishwa kwa kiti ukiambiwa nyamaza. Akitaka kuruka, aruke. Akikataa, atolewe nje, na asihesabiwe tiketi. Mwenye kumpeleka ni yule mama yake atamtaja. Nimemaliza."

[20:56] Musa (kwa Kukhu): Amesema pia Wiki ampigie simu.

ALHAMISI

[05:40] Wiki: 🙏🏾

[06:30] Senje Beti: Sawa mama.

[13:42] Mama Tito: Asante Kukhu. Nilikuwa kazini, simu ilizima jana. Sikatai aende, ngoma anapenda, hata sufuria zangu zinajua. Lakini nitaenda naye mimi. Senje, tukutane mlangoni. Tukitoka katikati, tumetoka. Na Ijumaa analala kwake.

[13:50] Senje Beti: Haya. Karibu sana. Ila nilishalipa tiketi mbili jana, 1,200, yangu na ya mtoto. Yako ni 800, na zinaisha.

[13:51] Senje Beti: Ama nibaki mimi nyumbani? Semeni tu.

[15:20] Senje Beti: Hakuna mtu anasema.

[15:24] Wiki: Mimi nipeni ya mtoto, nitaingia nimepiga magoti

[15:30] Senje Nesi: Vile vya masikio mmepata?

[16:05] Boi Nakuru: Hapa Nakuru naviona 1,500. Niweke kwa matatu?

[16:06] Senje Beti: Nani analipa hiyo 1,500?

[16:40] Senje Nesi: Nitatoa nusu.

[17:12] Mama Tito: Nusu nyingine ni mimi. Boi, andika jina langu, vishukishwe steji ya Luanda. Si Kisumu.

[17:15] Boi Nakuru: Sawa mama. Vya buluu ama vya waridi?

[17:15] Wiki: Chukua vyenye vinatosha Senje Beti pia

[17:19] Senje Beti:
1. Beti (amelipa)
2. Tito (amelipa)
3. Mama Tito (800, bado)

IJUMAA

[06:02] Senje Nesi: Heri ya kuzaliwa Tito 🎂

[06:10] Boi Nakuru: 🎂🎂

[06:15] Musa (kwa Kukhu): Kukhu amembariki. Anauliza hiyo keki ya namba tatu ilienda wapi.

[11:48] Boi Nakuru: Vimetoka Nakuru saa nne. Dereva amesema Luanda jioni, kama mvua itamruhusu

[16:30] Senje Beti: Mama Tito, ile 800?

[18:09] Senje Beti: Mama Tito?

[21:33] Baba Tito: Nimevuka, mtandao ndiyo umerudi sasa. Ujumbe 60! Mmesema ni saa ngapi?