Picha za wachumba ufukweni: Bagamoyo au Mji Mkongwe?

Mgeni wa Kimara
Wanajamvi, salaam. Mimi na mchumba wangu tunataka picha za kitaalamu za ufukweni kabla ya harusi. Mpigapicha mmoja anashauri twende Bagamoyo na kurudi Dar es Salaam siku hiyohiyo. Mwingine yuko Mji Mkongwe, Unguja. Bei yake inakaribia mara mbili, lakini anaahidi jua likizama baharini. Kianzio kinatakiwa Ijumaa. Tumchukue yupi?

Bi Shangani
Mkuu, hujataja mwezi, hujataja bajeti, wala hujasema kama bei hiyo ina nauli ya boti na malazi ndani yake. Mara mbili ya shilingi ngapi?

Nahodha Mstaafu
Kabla ya bei, tazameni dira. Bagamoyo inaelekea mashariki, kwa hiyo jua huchomoza baharini na jioni huzama nyuma ya minazi. Anayetaka mwanga mzuri wa pale hana budi kulala hukohuko na kuwa ufukweni alfajiri, kwa kuwa kutoka Dar es Salaam ni kilomita 70 hivi na foleni haina adabu. Mji Mkongwe unaelekea magharibi, ndiyo maana jioni watu hujaa Forodhani. Angalieni na maji. Siku za bamvua bahari hujaa mnamo saa kumi na hupwa mnamo saa nne, na ukifika saa nne asubuhi utakuta majahazi yamelala mchangani. Mimi huipenda picha hiyo, ila viatu vyeupe haviipendi.

Kaole Damu
Nasimama na Bagamoyo. Kaole kuna magofu ya misikiti, wa kale zaidi ukihesabiwa kuwa wa karne ya 13, na kuna mbuyu mkubwa na makaburi ya nguzo. Mnalipa kiingilio mlangoni na mnapiga picha kwa utulivu. Mji Mkongwe kila picha ina pikipiki ya mtu nyuma yake.

Bi Shangani
Makaburi si pazia la studio, ndugu yangu. Na huku kwetu pia wakumbuke kwamba vichochoro ni makazi ya watu: mabega na magoti yafunikwe, mabusu yabaki nyumbani.

Kaole Damu
Sikumwambia mtu aegemee kaburi. Nimetaja kilichopo.

Mgeni wa Kimara
Najibu niliyoulizwa. Ni wiki ya tatu ya Aprili. Bajeti haizidi shilingi milioni moja na nusu, nauli ikiwemo. Mchumba wangu huvaa hijabu na hataki picha zake mitandaoni.

Nahodha Mstaafu
Aprili! Hiyo ndiyo masika yenyewe. Sasa hata dira yangu haina kazi.

Mama wa Tanga
Hilo la mitandao lina uzito kuliko mji. Mdogo wangu alipigwa picha na mchumba wake katika mji mmoja wa pwani, na makubaliano yao yote yalikuwa ujumbe wa simu uliotaja bei na saa. Kabla hajakabidhiwa hata picha moja, shangazi yetu aliziona kwenye ukurasa wa mpigapicha, zikiwa na tangazo la punguzo la bei chini yake, na ngozi ya mdogo wangu imepaushwa hadi sisi wenyewe tukauliza huyu ni nani. Alipoombwa aziondoe alidai kuwa ni kazi yake na ana haki nazo. Akaziondoa baada ya wazee kuingilia, wakati zilikuwa zimeshasambaa kwenye makundi ya ukoo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini nani anakimbilia sheria wiki mbili kabla ya nikaha? Mwandikishe kabla ya kutoa kianzio: hakuna kuchapisha bila ridhaa ya maandishi, na ngozi isiguswe.

Lenzi Kongwe
Mimi ni mpigapicha, nami nitetee kazi. Mteja mpya hutupata kwa picha za wateja waliopita, kwa hiyo asiyetaka zionekane wengi wetu humtoza zaidi, na sioni dhuluma hapo. Kuhusu kupausha, wateja wenyewe huomba.

Mama wa Tanga
Huyu hakuomba. Na kulipia staha ni jambo geni kwangu.

Lenzi Kongwe
Hulipii staha, Mama, unalipia tangazo ninalolikosa.

Bi Shangani
Tumrudie mwenye swali. Mkuu, mvua ikinyesha, au boti isiposafiri kwa sababu ya hali ya hewa, nani anagharimia siku ya pili?

Mgeni wa Kimara
Nimewauliza wote wawili. Wa Bagamoyo anasema tutasogeza tarehe bila malipo, ila hataki kuandika. Wa Unguja yuko tayari kuandika kila kitu, lakini siku ya pili ni nusu ya bei. Mchumba wangu sasa anauliza kwa nini tusisubiri Juni.

Kaole Damu
Juni kusi linavuma, shungi halitatulia.