Mdogo wangu ana WPW (kazaliwa na njia ya ziada ya umeme moyoni), daktari anataka kuichoma. Kuna aliyefanyiwa?

Binti_Muheza: Wakuu, habari zenu. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 19. Tangu yuko shule ya msingi moyo wake huanza kwenda mbio ghafla, hata akiwa amekaa anakunywa chai, kisha unatulia ghafla vilevile. Bibi alisema ni majini, tumezunguka naye sana. Juzi kaanguka uwanjani akapoteza fahamu. ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ikaonyesha WPW, na daktari anasema tiba ni kupitisha waya kwenye paja hadi moyoni na kuichoma hiyo njia. Mama kakataa katakata, anasema moyo hauchomwi. Naombeni msaada.

Fundi_Cherehani: Pole sana dada. Mimi nilifanyiwa. Hupasuliwi kifua. Walinichoma ganzi kwenye kinena, wakaingiza nyaya nyembamba kupitia mshipa, nikiwa macho. Kigumu kwangu kilikuwa pale walipouchokoza moyo kwa makusudi uende mbio ili waione njia ilipo. Wakati wa kuchoma nilisikia joto kifuani, si maumivu ya kupiga kelele. Mwisho wakanipa dawa iitwayo adenosini kuhakikisha njia imekufa: kifua kikabana, nikadhani naondoka, sekunde chache ikapita. Baada ya hapo ni kulala chali mguu umenyooka mpaka kidonda cha kinena kifunge. Kesho yake nikarudi nyumbani. Sijashikwa tena, na vidonge niliacha kwa ruhusa ya daktari.

Nesi_wa_Moyo: Binti, hapo kwenye kuzimia ndipo ninapotaka mama asikilize. Umeme wa moyo hushuka kutoka vyumba vya juu kwenda vya chini kupitia kituo kimoja, na kituo hicho huuchelewesha kidogo. Mdogo wako kazaliwa na njia ya panya pembeni yake, isiyo na ukaguzi. Vyumba vya juu vikianza kutetemeka ovyo, mapigo yote yanapita huko, vya chini vinaweza kufika 250 kwa dakika au zaidi, na moyo ukasimama. Asicheze mpira kwa sasa.

Atembee na nakala ya ECG yake. Akifika hospitali moyo unakwenda mbio bila mpangilio, waonyeshe mapema, maana dawa za moyo za verapamili na digoksini hapo zinaweza kumuua.

Kuchoma kwenyewe ni joto la nyuzi 50 hadi 70 kwenye ncha ya waya, kovu la milimita chache tu. Tiba hii ilishika kasi tangu 1991. Kabla yake ilikuwa kufungua kifua. Hufanikiwa kwa zaidi ya wagonjwa 90 katika 100, ingawa kwa wachache njia hurudi na hurudiwa.

Binti_Muheza: Asanteni mno. Hatari yake ni ipi hasa? Mama atauliza hilo tu.

Nesi_wa_Moyo: Kuvuja damu kinenani, mara chache damu kuzunguka moyo. Kubwa ni kuunguza kituo cha asili, akahitaji betri ya moyo. Hiyo hutegemea njia iko wapi. Ikiwa ukuta wa kushoto, mbali na kituo, hofu ni ndogo. Ikiwa jirani nacho, wengine hugandisha kwa baridi badala ya kuchoma, kwa sababu baridi unaweza kuisitisha kabla haijaharibu. Nenda na mama kliniki, mwulizeni daktari swali hilohilo: njia iko upande gani? JKCI (Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete) hapo Dar wanayo huduma hii, ombeni rufaa wiki hii.