Tupeane uzoefu: ndugu yenu aliuawa na muuaji hajajulikana, mlifuatiliaje haki?

Kitinda Mimba

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari zenu.

Kaka yangu mkubwa aliuawa usiku ndani ya nyumba yake. Mlango haukuvunjwa, dirisha halikuguswa. Aliyeingia ama alifunguliwa, ama alikuwa na ufunguo. Hadi leo hakuna aliyefikishwa mahakamani. Wazazi wetu wameshatangulia, na katika ndugu waliobaki ni mimi peke yangu ninayeendelea kuuliza. Wengine wamechoka, siwalaumu. Ila wapo wasiotaka hata jina lake litajwe, kila nikigusia naambiwa nimwache marehemu apumzike.

Mpelelezi wa kwanza alihamishwa. Wa pili akastaafu. Wa tatu nilipomfikia hakuwa amefungua jalada hata ukurasa wa kwanza, akaniuliza mimi kaka alikufaje.

Naomba msiniambie nimwachie Mungu, hilo nimeshafanya na nitaendelea nalo. Nataka kusikia kwa waliopita njia hii. Jalada lilipolala mlifanya nini? Kipi kilisaidia, kipi kiliharibu? Na mliishije na ndugu ambaye moyoni mnamshuku?

Dada wa Marehemu

Pole sana mdogo wangu. Mimi nilimpoteza mdogo wangu wa kike, na mtu tuliyemdhania alikuja msibani akalia kuliko sisi.

Kilichotuokoa ni daftari. Tangu wiki ya kwanza nilikuwa naandika kila kitu: tarehe, jina na cheo cha niliyeongea naye, alichosema, alichoahidi. Simu nayo naiandika. Nikipeleka karatasi yoyote, nabaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Watu waliniona nimechanganyikiwa kwa majonzi.

Miaka ikapita, akaja mpelelezi mpya, kijana makini. Akaniambia kwenye jalada hakuna mahali panapotajwa simu ambayo marehemu alipigiwa jioni ile. Nikafungua daftari nikamwonyesha: mama alilieleza hilo siku ya tatu, aliyemwandika ni fulani, na mama alitia sahihi. Yule kijana akaenda kutafuta, akayakuta maelezo ya mama yamewekwa ndani ya jalada la kesi nyingine kabisa. Mama alikuwa ameshafariki wakati huo. Bila daftari, ushahidi wake ungezikwa pamoja naye.

Kesi yetu sasa iko mahakamani, kwa hiyo siwezi kusema zaidi ya hapo.

Mpelelezi Mstaafu

Nimefanya kazi hii maisha yangu yote ya ajira, na baadaye nikaipitia nikiwa ndugu wa marehemu, maana mpwa wangu naye aliuawa. Nimekaa pande zote mbili za ile meza.

Kwanza ujue hivi, mwanangu: katika nchi nyingi kosa la mauaji halina kikomo cha muda wa kushtakiwa. Hata Japani, ambako zamani sheria iliweka kikomo cha miaka 15, kisha 25, kikomo hicho kilifutwa mwaka 2010, na waliopiga kelele hadi kikafutwa ni familia za waliouawa. Kwa hiyo mtu akikwambia "hilo ni la zamani", mwulize ni sheria ipi inayosema hivyo.

Pili, familia nyingi huja na swali moja: "mmefikia wapi?" Swali hilo lina jibu moja tu duniani kote, "tunaendelea". Badilisha maswali. Vielelezo, yaani vitu vilivyochukuliwa kama ushahidi, viko wapi leo? Vilipokelewa na nani, na kitabu cha kupokelea kipo? Vimehifadhiwa ndani ya nini? Hili la mwisho watu hulidharau. Nguo yenye damu mbichi ikifungwa kwenye mfuko wa plastiki hupata unyevu na kuota ukungu, na vinasaba (DNA) huharibika. Inatakiwa ikaushwe, ifungwe kwenye karatasi. Kuna kesi zilizokufa kwa sababu ya mfuko.

Kisha uliza kipi hakikupimwa. Mtu wa kwanza kutiwa hatiani kwa mauaji kwa msaada wa vinasaba alihukumiwa Uingereza mwaka 1988. Siku hizo ilihitajika sampuli kubwa, leo chembe chache tu zinaweza kutosha. Kitu ambacho mwenzangu alikiweka kando miaka ile kwa kuwa "hakina kitu", leo kinaweza kuzungumza.

Na swali ambalo karibu hakuna anayeliuliza: jalada liliwahi kupelekwa kwa mwendesha mashtaka? Kama lilirudishwa, lilirudishwa na maelekezo gani? Nimeona majalada yamelala miaka si kwa rushwa wala kwa njama. Mwendesha mashtaka aliandika "mhoji jirani fulani, leta ripoti ya simu", mpelelezi akahamishwa, na karatasi ile ikabaki ndani bila mtu wa kuifanyia kazi. Maelekezo hayo ndiyo mahali pa kuanzia.

La mwisho, na hili ni onyo. Usiende kuwahoji mashahidi mwenyewe. Ukiwa na jina, lipeleke. Wakili wa utetezi akigundua kwamba shahidi alikaa kwanza na ndugu wa marehemu, atamwuliza mbele ya hakimu alifundishwa aseme nini, na ushahidi wa kweli kabisa utaonekana wa kupangwa.

Mpwa wa Marehemu

Naongezea kwenye hilo la kutokuwa na pupa. Mjomba wangu alipouawa, wanawe walikuwa na uhakika na mtu mmoja, wakashinikiza hadi akashtakiwa haraka. Ushahidi ulikuwa mwepesi. Akaachiwa huru, akatoka na ndugu zake wakishangilia, na sheria ya kwetu hairuhusu mtu kushtakiwa mara ya pili kwa kosa lile lile baada ya kuachiwa. Mlango ukafungwa.

Baadaye nilisoma habari za Stephen Lawrence, kijana mweusi aliyechomwa kisu London mwaka 1993 akisubiri basi. Wazazi wake walipoona serikali imewaacha watuhumiwa, wakafungua mashtaka binafsi. Mwaka 1996 yakaanguka, watatu wakaachiwa huru. Yangeishia hapo. Lakini wazazi hawakunyamaza, ikaundwa tume ya uchunguzi, na ripoti yake ya mwaka 1999 ikaliumbua jeshi la polisi na kupendekeza ile sheria ya kutoshtakiwa mara mbili iangaliwe upya kwa makosa mazito. Sheria mpya ikaanza kutumika mwaka 2005. Wataalamu wakarudi kwenye vielelezo vya zamani, wakakuta doa dogo mno la damu ya Stephen kwenye koti la mmoja wao. Mwaka 2012 wawili wakatiwa hatiani, mmoja akiwa ni yule yule aliyeachiwa mwaka 1996.

Lile koti polisi walikuwa nalo tangu 1993. Kwa hiyo swali la mzee kuhusu vielelezo, Kitinda Mimba, lichukue kwa mikono miwili.

Mama wa Wawili

Mimi nimesoma swali lako la mwisho nikalirudia, kwa sababu hilo ndilo limenila.

Mwanangu wa kwanza aliuawa. Ndani ya mwezi mmoja ukoo ulikuwa umegawanyika. Upande mmoja ulimwona kijana aliyekuwa amepanga chumba pale nyumbani kuwa ndiye muuaji, eti kwa kuwa hakulia na aliondoka asubuhi yake. Wakataka kwenda kumshughulikia. Nilisimama mlangoni nikawaambia watanikanyaga mimi kwanza. Kijana yule alihojiwa kihalali, akaeleza alikokuwa, ikathibitishwa. Hakuwa yeye. Najiuliza ningekuwa mama wa namna gani leo kama damu ya mtoto wa mwenzangu ingemwagwa kwa jina la mwanangu.

Upande wa pili ndio ulioumiza zaidi, kwa sababu minong'ono ilimwelekea mtu wa ndani, mtoto wa dada yangu. Nikaenda kwa mpelelezi nikamweleza nilichokiona kwa macho yangu, tena hicho tu. Sikumpelekea ndoto, sikumpelekea maneno ya watu, sikumpelekea chuki za urithi. Nikatia sahihi. Baada ya hapo nikaamua kwamba kwenye shughuli za familia sitamtuhumu wala sitamkumbatia. Salamu, basi. Dada yangu aliponiuliza kwa nini nimebadilika nilimjibu ukweli: kuna maelezo nimeyaandikisha, nasubiri, na wewe ukiwa na unachokijua nenda ukaandikishe.

Alinichukia kwa muda mrefu. Siku moja akaenda. Sijui aliandika nini na sijamwuliza.

Kuhusu wanaokwambia umwache apumzike: usiwaweke wote kapu moja. Yupo anayeficha, na yupo anayeogopa tu kwamba ukweli ukitoka hatabaki na ndugu. Huyo wa pili mhurumie, ila usimtii. Na kama kuna mtoto aliyebaki, mwambie kwa maneno ya umri wake. Mdogo wake marehemu nilimficha kwa nia njema, akayasikia shuleni. *(Hili ndilo linaloniuma hadi leo kuliko hata mahakama.)*

Kitinda Mimba

Mama, asante. Nimelia, na nilihitaji kulia.

Niulize linalonitisha. Ikiwa nitafuatilia maisha yangu yote na asipatikane mtu?

Mjukuu

Nikujibu kwa habari ya baba mmoja. Julie Ward, Mwingereza wa miaka 28, aliuawa Maasai Mara nchini Kenya mwaka 1988. Mwanzoni maofisa walisema ameliwa na wanyama. Baba yake, John Ward, alikwenda mwenyewe, na mabaki ya mwanawe yakapatikana katika msako alioupanga yeye. Ripoti ya daktari ilibadilishwa maneno ili mifupa ionekane haikukatwa, naye akatafuta wataalamu wengine walioonyesha kwamba ilikatwa kwa kitu chenye makali. Walinzi wawili wa hifadhi walishtakiwa, wakaachiwa huru mwaka 1992. Aliyekuwa mkuu wao akashtakiwa, akaachiwa mwaka 1999. John Ward alirudi Kenya tena na tena kwa zaidi ya miongo mitatu, akafariki mwaka 2023 bila kumwona hata mtu mmoja akitiwa hatiani.

Lakini leo hakuna anayethubutu kusema binti yake aliliwa na simba. Uongo ule ulikuwa kwenye karatasi za serikali, akauondoa. Kwangu mimi hicho ni kipande cha haki, ingawa si haki yote, na sitaki mtu akuambie kinatosha.

Mpelelezi Mstaafu

Ndipo ninapotaka kukuongezea jambo, Kitinda Mimba. Katika nchi nyingi zilizorithi sheria ya Kiingereza, kama hakuna mtuhumiwa, familia inaweza kuomba uchunguzi wa kifo mbele ya hakimu. Uchunguzi huo haumfungi mtu jela. Ila mashahidi wanaitwa, wanaapa, wanaulizwa hadharani, na hakimu anatamka marehemu alikufaje, na akiona dalili za mhusika anaweza kuelekeza hatua zichukuliwe. Jalada lililolala huamka likijua litasomwa mahakamani. Mpate wakili, hata wa msaada wa kisheria, aangalie kama kwenu upo.

Kitinda Mimba

Mzee wangu, hilo sikuwahi kuambiwa na mtu yeyote. Nimeanza kuandika barua. Ina maswali manne: vielelezo viko wapi na katika hali gani, kipi hakikupimwa, jalada lilirudishwa na maelekezo gani, na nani analishika sasa. Habari ya ufunguo nimeiandika peke yake kwenye karatasi ya pili, pamoja na majina ya wote waliokuwa nao. Mmoja wao ni ndugu yangu wa damu. Niliweke jina lake, au nisubiri niitwe?

Mpelelezi Mstaafu

Liweke. Usiandike kwamba unamshuku. Andika kwamba alikuwa na ufunguo, alipewa na nani, lini, na wewe ulijuaje. Jina lako nalo liweke kwenye orodha hiyo kama ulikuwa nao.

Kitinda Mimba

Nilikuwa nao. Nimeshajiandika, wa kwanza.

Dada wa Marehemu

Peleka nakala mbili, mdogo wangu, moja wagonge mhuri urudi nayo. Na usiende peke yako. Ukikosa wa kukusindikiza sema hapa.