Nyumba ya dadangu Uingereza ilikuwa baa?

Wakuu, salamu kutoka mtaa wa Umoja, Nairobi. Dadangu amepanga nyumba Leeds. Juzi kwa video akanionyesha ukuta wa mbele: vigae vya kijani hadi kifuani, na pale watu wanapopita kwa miguu kuna milango miwili ya mbao imelala chini kama kaburi. Jirani anamwambia palikuwa baa. Mbona wafunge? Hapa kwetu baa haifi, inabadilisha jina tu.

Jibu: Hiyo milango ni ya stoo ya chini. Mapipa ya bia yaliteremshwa hapo kwa kamba, yakae kwenye ubaridi. Vigae ni rahisi kuosha, na unajua kinachomwagwa ukutani usiku. Sheria ya 1830 ndiyo iliyozalisha baa nyingi za mitaani: mlipa kodi aliweza kuuza bia nyumbani kwake kwa leseni ya gini 2 (fedha ya zamani ya Uingereza) kwa mwaka.

Jibu: Mimi nimeosha glasi kwenye baa Manchester miaka minne. 2007 sigara ikapigwa marufuku ndani. Wateja wangu wazee wakabaki nyumbani na bia ya supamaketi, bei ya chini. Mwenye jengo akipiga hesabu, fleti zinamlipa zaidi. Tangu 2017 lazima aombe kibali cha halmashauri kabla ya kugeuza baa kuwa fleti.

Aliyeuliza: Kumbe! Ndiyo maana sakafu ya jikoni inalia kama ngoma. Nimemwambia aweke kapeti asahau, yeye anatafuta tochi.