Kisima au barabara? Hivi vikao vya bajeti vina maana?

Jamani wa kaunti za mashambani naomba mawazo. Juzi tuliitwa kikao cha maoni ya wananchi, tukapewa soda na mkate na karatasi ya kusaini, kila mtu akasema maji, maana kina mama huku wanatoka saa kumi alfajiri na mitungi na kisima tulichochimbiwa paneli za sola ziliibwa zamani, wakaandika. Leo nasikia pesa zimeenda kwa barabara. Tunapotezewa wakati ama?

Jibu 1: Pole ndugu. Kikao kilikuwa mwezi gani? Makadirio ya bajeti yanafaa kufika bunge la kaunti kabla ya 30 Aprili, na mpango wa maendeleo wa mwaka unapelekwa mapema zaidi, kufikia 1 Septemba ya mwaka uliotangulia. Kama kisima hakikuingia huko, hapo mwisho mtapiga kelele tu.

Jibu 2: Kaunti ya Makueni wanaanzia kijijini, watu wanakaa wanapanga wenyewe, halafu wananchi wanachagua kamati ya kusimamia mradi. Si ati huko hakuna shida, lakini angalau mtu anajua mradi wake ulipotelea wapi.

Jibu 3: Hiyo karatasi mliyosaini ndio ushahidi wao kwamba mlishirikishwa 😂 Andikeni barua muombe ripoti ya kikao, sheria ya 2016 ya kupata habari inawapa maafisa siku 21 kujibu. Wekeni nakala yenye mhuri.

Mwenye swali: Ilikuwa Mei kweli. Na soda yenyewe ilikuwa ya moto.